Hori la Ng'ombe wa Robhi

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane, mwaka wa tatu wa rashi ya dhahabu, ng'ombe saba wa dada yangu Robhi walikufa Kenyamonta kabla jua halijapanda vizuri. Hawakuwa ng'ombe wa maziwa wala wa kuuza. Walikuwa mahari. Walipokufa ilipotea nyumba nzima, na nitawaeleza ni nyumba gani.

Nawaandikia ninyi vijana mnaojifunza ufundi, na ninyi mnaosomea biashara ya kugeuza taka kuwa mali. Mimi ni fundi bati mstaafu. Nimesoma hadi darasa la saba, na sehemu kubwa ya darasa hilo nilikuwa machungani. Msitafute maneno makubwa kwangu. Maneno makubwa nililetewa na wageni wenye makaratasi, na nitayataja kwa sababu siwezi kuieleza habari hii bila kuyakanyaga, kama usivyoweza kuvuka zizi bila kukanyaga samadi.

Kazi yangu ilikuwa kuchukua chuma kilichotupwa na kukifanya kitumike tena. Mapipa niliyageuza majiko, makarai na mahori ya kunyweshea mifugo. Springi za magari zilikuwa visu na majembe. Mikanda minene ya mpira iliyochakaa machimboni niliikata bawaba za milango ya mazizi, na bawaba ya mpira haipigi kelele wala haishiki kutu. Hatukuwa na jina la shughuli hii. Tuliita kazi.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Shabani, fundi wa Tarime mjini, nyuma ya soko. Baba yake alikuja bara kutoka pwani na cherehani; yeye akashika nyundo. Alijua Kikurya cha kutosha kugombana nacho. Alituchekea sisi Wakurya kwa namna tunavyochunguza ukoo wa binti kabla ya kupeleka ng'ombe, kisha akaitumia tabia hiyo hiyo kutufundisha. Alisema, "Chuma nacho kina ukoo. Ukishindwa kuutaja, usikioe."

Maana yake ilikuwa rahisi. Pipa likiletwa, unauliza lilibeba nini, lilitoka kwa nani, lilikaa wapi. Muuzaji akibabaika, hulichukui. Ukilichukua, unaliosha kwa majivu, unalijaza maji, unaliacha siku tatu. Siku ya nne unampa kuku yale maji na kumtazama hadi kesho yake. Kuku akiwa mzima, ndipo unashika tindo. Majirani walimwita kuku wetu Afisa Afya. Mmoja alitumikia miaka minne, akafa kwa uzee, na Mzee Shabani akakataa aliwe. Alisema mtumishi wa umma haliwi.

Msidhani niliyashika mafunzo hayo kwa akili. Niliyashika kwa nyusi. Mwezi wangu wa pili nilipiga tindo kwenye pipa la petroli bila kulijaza maji kwanza. Nilikuwa na haraka ya kuonekana fundi. Cheche moja, na kitako cha pipa kiliruka juu ya mabanda mawili kikaangukia sufuria ya uji ya mama mmoja sokoni. Nyusi zangu nazo zilikwenda. Mzee Shabani hakunipiga. Alinibebesha kile kitako, akanizungusha duka hadi duka. Kila mlango nilisema shikamoo, nikaeleza nilichofanya, nikaeleza nilichopaswa kufanya. Mlango wa mwisho sauti ilikuwa imekauka. Andikeni hili mahali: pipa lililobeba mafuta hujazwa maji hadi juu ndipo likatwe. Msimwamini anayesema limekauka. Mafuta yakikauka ndiyo yanakuwa mabaya zaidi.

Mzee Shabani alikufa kabla ya rashi, na nadhani ilikuwa heri yake. Mimi nilikuwa nimeshahamia Mugumu, na karakana yangu ilikuwa njia ya kwenda Manchira, ambako mji unapata maji. Kabla ya rashi chakavu kilikuwa haba, na kila debe nililijua kama mtoto wa jirani. Hili la mafuta ya kula, lilitoka duka la fulani. Lile la rangi, lilibaki shule ilipopakwa. Kisha watu wakapata dhahabu vilimani, wakaja kutoka kila upande, hata Sirari, kule mpakani, ilimwaga watu, na nyuma yao vikaja viwanda vidogo vya kuchenjulia mchanga kwa sianidi, sumu tuliyoiita dawa ya dhahabu. Vyuma vikaanza kuingia Mugumu kwa lori. Mapipa yamebanduliwa karatasi, yamepakwa rangi, yanang'aa kama bibi harusi. Ukimuuliza aliyeyaleta yalibeba nini, anakujibu, "Mzee, unanunua pipa au unanunua historia?" Watu wanacheka. Nami nilicheka.

Sasa nije kwa watafiti, maana mwalimu mmoja wa chuo alinitumia mwanafunzi aniulize utafiti wa biashara za namna yetu umepitia mielekeo gani. Mielekeo naijua. Nilihojiwa nayo yote nikiwa nimekaa kwenye fuawe ile ile.

Wa kwanza walikuja wakati sisi ni maskini. Waliuliza tunakula mara ngapi kwa siku na paa ni la nini. Miaka ikapita, tukaamka asubuhi tumekuwa wajasiriamali. Sufuria ni ile ile, paa lile lile, lakini sasa waliuliza kama nina mpango wa biashara ulioandikwa, na kama naogopa hatari au naipenda. Nilimwambia dada mmoja kwamba hatari haijawahi kuuliza kama naipenda. Aliandika namba tatu kwenye fomu yake. Baadaye wakaja waliotaka wanawake na vijana tu. Mimi nilikuwa mwanaume na mzee, kwa hiyo walinipita wakamhoji mke wangu kuhusu kazi yangu. Baada yao wakaja wa mazingira. Mwishowe wakaja wa uchumi wa mzunguko, yaani wa kurudisha kilichotupwa kazini, na hao walinipenda sana. Kwao mimi nilikuwa mfano. Walipima kwa mizani chuma nilichokiokoa kisitupwe, wakanipa sifa kwa kila kilo.

Kwa miaka yote hiyo kulikuwa na swali moja ambalo halikuwahi kuandikwa. Hakuna aliyeniuliza kitu nilichotengeneza kiliishia kwa nani, na kilimfanya nini. Hesabu yao iliishia mlangoni pangu. Kikitoka, kimefaulu. Na jambo la pili: walihoji tu karakana zilizo wazi. Rafiki zangu watatu waliofunga, mmoja kwa kuungua, hawakuhojiwa na mtu. Ukiwauliza wazima peke yao, kila dawa inatibu.

Mmoja wa hao wa mzunguko alikuwa kijana aitwaye Elisha. Hakuwa mtu mbaya. Alinisalimia vizuri, alikula tulichokula, na viatu vyake vilikuwa vimechakaa kama vyangu. Alikuwa na mradi, na mradi ulitaka hori la mfano lililotengenezwa kwa pipa la machimboni, likabidhiwe kwa mfugaji mwanamke, likapigwe picha. Nikamwambia mfugaji mwanamke ninaye. Ni dada yangu.

Robhi alinitangulia kuzaliwa. Aliolewa Kenyamonta, akazaa mabinti watatu, wote wakaolewa mbali, kisha mumewe akafa. Hakuwa na mtoto wa kiume. Kwetu nyumba ya namna hiyo ikifungwa, imefungwa. Shamba linarudi kwa mashemeji na jina la marehemu halitajwi tena na mtoto yeyote. Lakini mila ina mlango mmoja, tunauita nyumba ntobhu. Mama kama Robhi anatoa ng'ombe, anaoa binti, na watoto watakaozaliwa na binti huyo wanakuwa watoto wa nyumba yake. Wasomi wana maneno yao kuhusu mila hii, na mengine ni ya kweli. Mimi nasema nilichokiona. Binti mwenyewe, Ghati, hakuwa mtoto mdogo. Alikuwa ametoka kwenye ndoa ya kipigo. Alikwenda mwenyewe kumsaidia Robhi kuvuna mtama, msimu mmoja na wa pili, na aliwaambia kwao kwamba nyumba ile haina fimbo. Robhi alikusanya ng'ombe hao saba kwa miaka. Wengine aliwapata kwa kuuza pombe, mwingine kwa mahari ya binti wa mwisho. Baba yake Ghati, Mzee Marwa, alikubali kuja Jumamosi hiyo kuwatazama na kuwachagua.

Elisha naye alitaka hori likabidhiwe Alhamisi, kwa sababu wageni wa mradi walikuwa wanapita Alhamisi. Alikuja kunieleza Jumanne.

Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, maana watu wengi wamenitetea mahali hapa na sikuwaomba. Wanasema mzee alidanganywa. Sikudanganywa. Aliyeniuzia pipa alisema lilikuwa la sabuni. Lilikuwa pipa zuri, bati nene, ukilipiga kwa kidole cha kati linaitika. Pale kitako kinaposhikana na ubavu, kwenye ule mkunjo, kulikuwa na ungaunga mweupe umeshikana kama chumvi. Niliuona. Nilijiambia ni sabuni. Niliosha pipa mara moja kwa maji, halikutoa povu, na fundi yeyote anajua sabuni isiyotoa povu ni kitu gani. Siku tatu za maji sikuwa nazo. Kuku sikumwita. Nililikata kwa urefu, nikapinda kingo vizuri zisikate ndimi za ng'ombe, nikalipaka rangi ya kijani. Nilitaka ile picha. Nilitaka mashemeji wa Robhi waone kaka yake ni nani. Nilikuwa sijui kilichokuwamo, lakini nilikuwa sijauliza, na mbele ya Mzee Shabani hayo mawili yangepata kofi moja.

Alhamisi picha ikapigwa. Robhi alivaa kitenge kipya, akashika ukingo wa hori, akatabasamu. Mimi nilisimama nyuma na nyundo ambayo siku hiyo haikuwa na kazi yoyote.

Ijumaa ng'ombe walikwenda mtoni kama kawaida. Robhi hakutaka hori lianze kutumika bila wakwe kuliona. Jioni alilijaza maji na magadi yapate kuyeyuka vizuri, akalifunika kwa matawi. Asubuhi, nami nikiwa bado sijarudi Mugumu, Mzee Marwa akaja na wanawe wawili wa kiume. Wakapewa viti, wakapewa togwa. Robhi akaondoa matawi, akawafungulia ng'ombe.

Walikunywa vizuri, wakisukumana. Nakumbuka mwana mmoja wa Marwa alisema hori hili ni la kisasa. Kabla hajamaliza togwa lake, ng'ombe mwekundu, yule mkubwa, alipiga magoti. Tukadhani ameteleza. Akalala ubavu, miguu ikipiga hewa, pumzi inamtoka kama mtu anayepandisha mlima. Wa pili akafuata, na wa tatu. Sijawahi kuona kifo chenye haraka namna hiyo. Walionusurika ni ndama wawili waliokuwa wamefungwa pembeni.

Kisha majirani wakaanza kufika, na kila aliyefika alikuwa na maelezo yake. Nyoka. Kimeta. Jicho baya. Kulikuwa na bibi mmoja jirani aliyepita jana yake akawasifia wale ng'ombe, na macho ya watu yakaanza kumtafuta. Nyuma ya macho hayo vikaja visu na makarai, makarai ya kazi yangu mwenyewe, maana kwetu nyama ya ng'ombe aliyeanguka haiachwi. Mzee Marwa alisema Mungu akichukua uhai anaacha kitoweo. Watoto walikuwa wameshaanza kuleta kuni.

Mimi nilikuwa nimeinama kwenye hori. Pale kwenye mkunjo, unga mweupe ulikuwa umekwisha wote.

Ningeweza kunyamaza. Nawaambia ukweli, nilipima. Ilikuwa muda mfupi, lakini nilipima.

Nikasema, "Wekeni visu chini. Ni hori. Pipa hili lilikuwa la dawa ya dhahabu."

Mzee Marwa akaniangalia. "Nani alilitengeneza?"

"Mimi."

"Ulijua?"

"Sikuuliza."

Akacheka kwa pua. "Mura," akaniambia, neno tunalomwitia kijana, na mimi nilikuwa na wajukuu. "Binti yangu mmemuuliza ukoo hadi bibi wa bibi yake. Pipa mmelileta nyumbani halina baba."

Nilianza kueleza, jinsi tulivyoshauriana na mradi, jinsi muuzaji alivyosema. Dada yangu alinikata. Hakupaza sauti.

"Umesema, Chacha. Sasa nyamaza."

Akaingia ndani, akatoka na jembe, akaanza kuchimba. Tulichimba siku nzima. Kuzika nyama ni tusi kwetu, na watu walichimba kama wanaotukanwa. Hori tulilitupa shimoni pia. Mtu mmoja aliiba ini wakati tunafukia, akala, akaharisha siku mbili. Yu hai hadi leo, na tukikutana mnadani ananiita mharibifu wa nyama.

Nilikuwa na ng'ombe wawili wangu. Niliwaswaga kwa miguu hadi kwa Mzee Marwa, nikasema nitatafuta wengine. Hakuniruhusu kuingia uani. Alisema hawezi kupeleka binti kwenye nyumba ambayo ng'ombe wake walilala kabla ya kuhesabiwa, na kwamba ng'ombe waliopita mkononi mwangu hawataki. Mwaka uliofuata Ghati aliolewa Gorong'a.

Elisha alirudi kama mwezi mmoja baadaye, kufanya tathmini. Aliniuliza kama mnufaika ameongeza kipato. Nikamweleza yote, kuanzia ungaunga. Alivua kofia. Macho yake yalijaa machozi, sitamdhulumu. Kisha akaanza kufunua makaratasi yake, mbele na nyuma.

"Mzee," akasema, "hapa hakuna sehemu ya kuliandika."

Nikamwambia aandike pembeni. Akaandika pembeni kwa penseli.

Miaka michache baadaye nilialikwa semina ya ujasiriamali Mugumu. Soda, madaftari, kalamu zenye maandishi. Mwezeshaji akatuonyesha ukutani picha kubwa: hori la kijani, Robhi anatabasamu, na nyuma yake mwanaume mwenye nyundo. Akatuambia hivi ndivyo taka inavyozaa utajiri. Hakunitambua. Nilinyoosha mkono, nikasimama, nikasema, "Ng'ombe wa hori hilo walikufa wote."

Mwezeshaji akanijibu kwa heshima kabisa, "Asante sana mzee. Tutalirudia kwenye kipengele cha changamoto, mchana."

Mchana walileta pilau. Baada ya pilau wakagawa vyeti. Changu ninacho bado. Karatasi ni nzuri, nzito.

Ninyi mtakaoandika kuhusu watu kama mimi, sina ushauri wa kisomi. Fuateni kitu hadi kinapolala. Msimpime fundi kwa kilo alizookoa. Chuma kinachozunguka kinazunguka na kila kilichokishika, na kama mlishangilia kilipoondoka, basi muwepo kinapofika. Nendeni pia kwa waliofunga. Na ninyi mafundi, ukiona unga kwenye mkunjo, usijipe jibu. Toka nje uulize, hata kama mteja ameshika kamera. Haraka ya picha ni haraka kama nyingine zote.

Niliacha kutengeneza mahori. Majiko niliendelea nayo hadi macho yalipochoka.

Robhi aliishi miaka mingi baada ya hapo, peke yake. Kila nilipokwenda alinipikia. Hakulitaja jambo lile hata mara moja, na mimi nilitii alichoniambia. Alifariki mwaka jana, wakati wa masika. Mabinti zake walikuja wakalia wakaondoka. Kwenye kaburi, wazee walipouliza ni nani mtoto wa kiume wa nyumba hii atangulie kutia udongo, hakuna aliyesogea, na mwishowe mzee mmoja alichota mwenyewe akatia.

Wiki ile ile mashemeji waligawana shamba. Nyumba haikuwa na wa kuirithi, kwa hiyo wakaamua mabati yang'olewe yakaezeke banda la mmoja wao. Walinitumia ujumbe. Walisema wanahitaji mtu anayejua kuyatoa bila kuyapasua.

Nilikwenda. Nilipanda ngazi, nikaanzia upande wa jikoni, nikayashusha moja moja hadi chumba chake kikaonekana chote, kitanda, mtungi, na kanga imetundikwa ukutani. Nilipomaliza bati la mwisho, shemeji mdogo aliuliza kama misumari nayo inafaa kutumika tena. Nikamwambia inafaa. Nikakaa juu ya jiwe la kusagia, nikainyoosha mmoja baada ya mwingine, nikamkabidhi ndani ya kopo.